Kabla Hujazibana Picha Zako

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai u mzima. Nimesoma ujumbe wako kwamba simu imejaa, kwamba kuna fomu inayoikataa picha yako kwa kuzidi MB 2, na kwamba unataka kuzibana picha zote, yaani kuzipunguza ukubwa wa faili, usiku huu kwa mkupuo mmoja. Nakuomba usubiri kidogo, uisome barua hii kwanza.

Mimi nilishafanya hivyo. Nilipakua programu ya kubana picha, nikazipitisha zote, nikafuta zile za awali, nikalala nikifurahi kwamba simu imepumua. Bibi alipofariki, familia ikatafuta picha yake ya kuweka kwenye fremu. Ile anayocheka, mkono mmoja ukishikilia kilemba kisianguke, nilikuwa nayo mimi peke yangu. Mpiga chapa alipoikuza kwenye skrini, macho ya bibi yakageuka vijiraba. Picha ilikuwa imebaki na pikseli (vinukta vidogo vinavyoijenga picha) 640 za upana, na karatasi ya A4 ili itoke safi inataka karibu 2,480. Hakuna aliyenilaumu, lakini hadi leo inaniuma.

Ndiyo maana nasema: bana nakala, picha ya asili iache.

Ujue pia kwamba picha inakuja ikiwa imeshabanwa. Kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, hutoa pikseli 4,000 kwa 3,000. Kama kila pikseli ingetunzwa kwa baiti zake 3, picha moja ingekula MB 36. Simu huigeuza kuwa JPEG, aina ya faili ya picha iliyobanwa, ikashuka hadi MB tatu, nne hivi. JPEG huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Ukiibana tena, hutupa tena, na kilichotupwa hakirudi. (Kuziweka kwenye zip hakusaidii, maana hewa ilishatolewa.)

Sasa tuje kwenye ile picha ya fomu inayokataliwa kwa kuzidi MB 2. Tengeneza nakala, kata pembeni usivyovihitaji, kisha punguza vipimo. Ukigawa upana na urefu kwa mbili, pikseli zinabaki robo, kwa hiyo faili hushuka sana na uso bado unaonekana vizuri. Kipimo cha ubora kiache kwenye 80 hivi kati ya 100. Ukikishusha mno, utaona ukungu kuzunguka nywele na herufi. Kabla ya kutuma, ikuze uangalie hapo hapo, kwenye nywele. Na kama simu yako inahifadhi kwa HEIC, aina nyingine ya faili ya picha, igeuze iwe JPEG, kwa sababu fomu nyingi haziitambui.

HEIC yenyewe siyo mbaya. Hula karibu nusu ya nafasi ya JPEG kwa ubora uleule, na kuiwasha kwenye mipangilio ya kamera kutakuokolea nafasi kwa picha zijazo. Kama kamera yako ina megapikseli 50 au 108, zima hali hiyo kwa picha za kila siku. Zima na zile picha zinazocheza kidogo ukizigusa, kwani kila moja imebeba kipande cha video.

Lakini nina hakika kinachokujazia simu siyo picha. Anza na video: dakika moja ya video ya 4K, ile ya ubora wa juu sana, hula nafasi ya makumi ya picha. Kisha fungua WhatsApp, mipangilio, sehemu ya hifadhi, uone makundi yalivyokurundikia. Futa humo bila huruma, halafu usisahau folda ya vilivyofutwa karibuni kwenye programu ya picha, maana vilivyomo huendelea kula nafasi hadi uisafishe au muda wao uishe. Za asili zihamishie kwenye kompyuta au diski ya nje, uhakikishe zinafunguka huko, ndipo uzitoe kwenye simu.

Ile ya mwanao akisimama kwa mara ya kwanza, ameshika mguu wa kiti, usiiguse kabisa. Nitumie leo, ila kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, siyo kama picha, la sivyo itabanwa njiani. Nitaitunza huku kama ilivyo, na nikishaipata nitakujibu kukutajia ukubwa wake, tulinganishe na iliyo kwako.

Ni mimi rafiki yako