Mdogo Wangu, Usipeleke Belo Ujerumani

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimia. Ulinitumia picha tu: mabegi mawili yamefunguliwa kitandani, yamejaa hadi zipu inalia, na chini umeandika "nimemaliza kufungasha". Safari yenyewe, ya kwenda Ujerumani kujitolea kwenye shule ya chekechea, ni mwishoni mwa Januari.

Nimeiangalia ile picha mara tatu. Nimehesabu magauni ya kitenge kumi na moja, jinzi sita, mataulo, mashuka, na kitu cha rangi ya maziwa ambacho namwomba Mungu kisiwe lile blanketi la mama mdogo. Tiketi yako inakupa mabegi mawili ya kilo 23, jumla 46. Sasa nikuulize: belo la mitumba ninalofungua hapa sokoni Mlango Mmoja lina kilo ngapi? Mengi ni 45. Yaani umefunga belo, ukaliwekea magurudumu, unalirudisha lilikotoka.

Ningeweza kukupigia. Nimeamua kuyaandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Kila mwaka kuna mtoto wa mtu hapa Mwanza anaondoka, na mama yake anakuja kwenye meza yangu na swali lile lile: abebe zote, au aende mikono mitupu akanunue huko huko? Wanaosema akanunue huko hawajawahi kuona bei za huko. Wanaosema abebe zote hawajawahi kuona baridi ya huko, kwa hiyo hizo "zote" zenyewe ni nguo za Mwanza.

Mama mdogo usimbishie, namwelewa. Yeye kwenda shule alipanda MV Victoria hadi Bukoba na sanduku la bati, na kilichokuwa ndani ya sanduku ndicho alichokuwa nacho mwaka mzima. Mtoto akiondoka na begi jepesi, kwake ni kama ameondoka bila baraka, na majirani wataona. Mwache aongee. Akimaliza, njoo kwangu.

Nikwambie yaliyonikuta, maana nilishawahi kukuhadithia nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Mwaka 2016 kwaya yetu ilialikwa na usharika rafiki Ujerumani, wiki tatu, mwezi wa Novemba. Nilijaza begi kama wewe. Mimi muuza nguo, nani angenifundisha? Tukafika Jumamosi usiku, watu kumi na wanane, mabegi kumi na saba. Langu lilibaki tulipobadilisha ndege. Nikajipa moyo: kesho nitanunua sweta na viatu. Mama mwenyeji wetu akatikisa kichwa. Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa, ni sheria. Si kwamba yanafungua mchana baada ya ibada kama ya kwetu Kirumba. Yanafungwa siku nzima, mji unanyamaza kama kuna msiba.

Kwenye mkoba wangu wa mkononi nilikuwa na Biblia, chaja, karanga za kukaanga na mafuta ya nazi. Basi Jumapili hiyo nikaimba sauti ya kwanza katika kanisa la mawe, nimevaa gauni la safari, soksi za mume wa mwenyeji na koti lake lililofika magotini. Miguuni viatu vya wazi, soksi zimechomoza mbele kama ulimi. Begi likafika Jumatano. Nilipolifungua ndipo nilipocheka na kulia pamoja: masweta manne ya nyuzi za plastiki kutoka Makoroboi, hata moja halikuzuia upepo. Lingefika siku ile ile, bado ningeazima koti la mzee wa watu.

Kwa hiyo la kwanza, na hili halina mjadala: begi dogo la mkononi liwe na nguo kamili za siku mbili, za ndani, soksi nzito, sweta, na nyaraka zako zote. Koti livae au libebe mkononi. Begi kubwa likipotea, usitoke uwanjani kabla hujaandikisha na kupewa karatasi. Vitu vya lazima utakavyonunua wakati unasubiri, tunza risiti, maana kwa mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga shirika linawajibika kwa hasara ya begi kuchelewa, na malalamiko yaandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipopata begi lako. Mimi risiti nilitupa. Nilidhani ni takataka.

Sasa koti. Hapa ndipo nataka unisikilize kama mteja, siyo kama ndugu.

Wateja wangu wa makoti mazito ni bodaboda na wavuvi wa dagaa. Wengine hawaelewi kwa nini Mwanza, mji wa jua na mawe, unauza koti la theluji. Hawajakaa ziwani saa tisa usiku kwenye mtumbwi, taa zimewashwa, upepo unatoka upande wa Ukerewe. Hao ndio utakaogombania nao Jumamosi belo la makoti likifunguliwa, na wanajua kuchagua. Koti la manyoya likitokeza kwenye belo, halimalizi dakika tano.

Kulipima ni hivi. Soma kwanza lebo ya ndani. Kijerumani changu chote nimejifunzia shingoni mwa makoti: Baumwolle ni pamba, Wolle ni sufu, Daunen ni manyoya laini ya bata. Polyester ni polyester popote duniani. Koti la pamba tupu niachie, nitamuuzia bodaboda, kwa sababu pamba inanyonya maji na ikishalowa inakuvuta joto mwilini. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inapasha. Likiwa la manyoya, likandamize kifuani kwa kiganja mpaka lilale, kisha achia. Lililo zima litainuka polepole kama unga wa maandazi uliouminya. Likibaki limelala, manyoya yamegandamana, ni ganda tu hilo. Linyanyue juani: ukiona mwanga unapenya kwa mabaka, pale hakuna kitu, na upepo utapajua kabla yako. Zipu ivute mara tatu, siyo moja, maana zipu mbovu inakubali mara ya kwanza ili ikuaibishe baadaye. Kwapani nusa bila aibu. Ingiza mkono mifukoni utafute tundu. Pesa usizitafute, ingawa nimewahi kuokota senti 50 za euro na tiketi ya treni.

Koti kama hilo nitakuuzia elfu ishirini na tano, bei ya undugu. Jipya lenye ubora huo, dukani kule, mara nyingi huanzia euro mia, karibu laki tatu, na bei iliyo kwenye lebo ndiyo bei, hakuna "dada nipunguzie kidogo". Posho ya mtu wa kujitolea haichezewi hivyo mwezi wa kwanza.

Lakini koti moja tu. Usininunulie matatu kwa kunihurumia. Ndani ya nyumba zao mabomba yanapasha, utakaa na fulana. Ukitoka unavaa, ukiingia unavua, siku nzima ni kuvaa na kuvua. Ndiyo maana nguo tatu nyembamba zinashinda sweta moja nene kama godoro: kinachokupasha ni ile hewa iliyonaswa katikati, na ukipata joto unapunguza moja.

Buti usihangaike nazo hapa. Ni nzito, na mguu wa mtu mwingine ulishaziumba kwa umbo lake. Unafika mwishoni mwa Januari, wakati maduka yao yanashusha bei za vitu vya baridi ili yaingize vya masika. Nunua huko, zizidi namba yako kidogo ili soksi nene ienee, pamoja na glavu, kofia, na suruali ya mvua. Hiyo ya mvua usiidharau. Utakuwa shule ya chekechea, na wale watoto wanatolewa nje hata kukinyesha. Wana msemo wao kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya tu. Mimi nilipousikia nilikuwa na viatu vya wazi, sikuufurahia.

Vya kubeba kutoka hapa sasa. Nguo za ndani, mpya, za pamba, za kutosha wiki mbili. Za mitumba Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku, na hata zingeruhusiwa usingezipata kwangu. Suruali mbili zinazokukaa nyongani. Hili wanaume hawalijui: suruali za kule zimekatwa kwa mtu mrefu asiye na nyonga, kiuno kikienea paja linagoma. Na usitegemee fundi. Niliulizia kukunjiwa pindo, pindo tu, nikaambiwa euro 12. Pale Makoroboi fundi angekushonea na mfuko juu.

Vitenge viwili, siyo kumi na moja. Kimoja cha sherehe, kimoja cha siku ukiulizwa "kwenu mnavaaje". Vifue mara mbili tatu kabla ya safari, peke yake, vimalize kuchuja, kwa sababu mashine zao za kufulia ukibonyeza nyuzi joto 60 kitenge kipya kitapaka rangi shuka nyeupe za watu.

Na khanga, doti moja. Hii siyo kwa ajili ya utamaduni. Khanga ni taulo, ni shuka ndege ikipoa, ni pazia chumba kisipokuwa nalo, ni gauni la kulalia, ni furushi la nguo chafu, ni skafu juu ya koti langu. Haina uzito wa kuutaja. Taulo zako mbili nene zina uzito wa buti.

Ukiishiwa huko, usikimbilie maduka yenye vioo. Safari ile tulipelekwa Berlin siku moja, Jumapili, tukapita bustani ya Mauerpark. Mdogo wangu, nilisimama nikadhani naota. Meza, turubai, nguo zimemwagwa, watu wameinama wanachambua. Mlango Mmoja, isipokuwa hakuna anayepiga kelele "mia tano mia tano". Mikono yangu ikaanza yenyewe, kwapa, pindo, zipu. Muuzaji akaniuliza kitu, sikuelewa, lakini tulipofika kwenye bei tukaelewana vizuri sana, maana huko kupatana kunaruhusiwa. Nikanunua sweta la sufu ambalo hadi leo navaa nikienda mnadani alfajiri.

Jioni hiyo, tukirudi kituoni, nikaona sanduku kubwa la chuma kando ya barabara. Bibi mmoja alikuwa anaingiza mfuko wa nguo kwenye mdomo wake, anauvuta mshikio, unameza. Mwenyeji akanieleza: wanaweka wasizovaa, zinakusanywa, zinachambuliwa, nyingine zinauzwa nje. Nikabaki nimesimama pale mpaka wenzangu wakaniita. Miaka yote hiyo nafungua belo Mwanza, sikuwahi kufikiria kwamba lina mdomo. Na huku nyuma yetu, Usukumani, Simiyu ikiwemo, ndiko inakolimwa sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii. Hayo tuyaache, leo naongelea begi.

Kuna mtego mmoja zaidi. Umeniambia tiketi ya Dar hadi Frankfurt tayari, ya Mwanza hadi Dar utakata mwenyewe. Tiketi zikiwa mbili tofauti, zile kilo 46 hazihesabiki hapa kwetu. Ndege ya ndani inakupimia kwa kiwango chake, na mara nyingi ni kidogo. Nimeona mama analipia uzito uliozidi pale uwanjani Mwanza, pesa ambayo ingemnunulia mtoto buti mbili. Soma tiketi zote mbili, fuata kiwango kidogo. Halafu nenda kwa yule kijana wa mizani pale stendi ya Nyegezi, upime wewe mwenyewe, kisha upime umelibeba begi, utoe. Kumbuka begi tupu nalo lina kilo zake nne au tano.

Mizigo ya watu kataa. Shangazi ataleta kifurushi kilichoshonwa cha mtoto wa rafiki yake aliye Hamburg. Mwambie dada amekataza, mimi nitabeba lawama. Kitu usichokifungua mwenyewe hakiingii kwenye begi lenye jina lako.

Dagaa unaweza. Nyama na maziwa kutoka kwetu hawaruhusu kuingia, lakini samaki wa kula mwenyewe Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi kilo 20. Chukua kilo moja ya soko la samaki la Mwaloni, waliokaushwa vizuri, kwenye kopo la mfuniko wa kuzungusha, na kopo ndani ya kopo. Uliweke mbali na koti. Mwenzetu wa sauti ya nne aliweka kopo lake ndani ya mfuko wa koti ili lisivunjike, na wiki tatu nzima paka wa mwenyeji alilala juu yake.

Basi Jumamosi njoo. Belo la makoti linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, bodaboda watakuwepo, usije saa mbili umejipaka. Vaa soksi nene na blauzi ya mikono mirefu ili ulijaribu kama utakavyolivaa. Na lile begi la pili mwambie mama mdogo nimeliazima mimi, nina mzigo wa kupeleka Sengerema.

Dada yako,
Mlango Mmoja