Mlonge ni msaada, lakini visima vipimwe

Mhariri,

Naishi Geita, jirani na mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, yenye zebaki, yamerundikwa karibu kabisa na kisima chetu. Tunaambiwa tuchemshe maji. Kuchemsha huua vijidudu tu. Risasi, metali yenye sumu tunayoihofia pia, haiondoki, maji ndiyo yanapungua na risasi inabaki sufuriani.

Akina mama wengi hapa tunatumia mbegu za mlonge: unamenya, unatwanga ile punje nyeupe, unakoroga kwenye ndoo, unaacha tope litulie chini. Protini ya mbegu ndiyo inayokusanya tope, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mbegu na maganda yake hunasa pia risasi na kadimi, metali nyingine yenye sumu. Ni jambo kubwa, tena mti wenyewe uko uani! Lakini maji yakiwa meupe haina maana ni salama. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita, kiasi ambacho jicho halioni.

Naomba wahusika waje wapime maji yetu kabla na baada ya mlonge, na watuelekeze pa kumwaga lile tope. Wengine wanalimwaga kwenye matuta ya mchicha.

Mama wa Geita