Pesa za wazee zinalisha nyumba nzima

Mhariri, salamu kutoka Arua. Kuna watu wanasema pesa za SAGE, ule msaada wa serikali ya Uganda kwa wazee, zinafanya wazee wavivu, mi sikubali kabisa. Ile shilingi 25,000 kwa mwezi mzee hali peke yake jamani, huku kijijini bibi akipokea ananunua sabuni, chumvi, daftari za wajukuu, ikibaki anaongeza kuku au anamlipa mtu wa kibarua amlimie mihogo na hapo jirani naye kapata. Shida ni umri wa kuanza kupokea, miaka 80 ni mbali mno, halafu wazee wengi kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa wa kukisia tu, basi wanakosa. Serikali ishushe umri, na malipo yasichelewe, maana wanakopa dukani wakiyangoja.