Mwanangu, ishushe rozari hiyo kwenye kioo

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwenye simu unaniambia "sawa baba" hata sijamaliza kusema, ndiyo maana nimekaa kuandika. Dada yako anashuka Dar Ijumaa, atakukabidhi barua hii kabla hujapakia. Isome ukiwa umezima gari.

Siku ile ulipopita Moshi na mzigo wa Arusha, nilipopanda kukuletea ndizi, niliishika rozari uliyoitundika kwenye kioo. Vidole vyangu vilitoka na vumbi. Uzi wake bado mgumu kama siku ulipoinunua. Sikusema neno kwa sababu utingo wako alikuwa amekaa pale. Ya mama yako unaijua: msalaba wake umelika mpaka sura ya Bwana haionekani, na shanga tumezitunga upya mara mbili kwa mshipi wa kuvulia. Nikakuuliza tu unasali saa ngapi. Ukanijibu, "Nikipata nafasi, baba."

Neno hilo limeninyima usingizi. Nikipata nafasi.

Halafu juzi tajiri wako akanipigia, maana mimi ndiye niliyekudhamini. Kasema uliambiwa ufike kupakia saa mbili asubuhi, ukafika saa tano, na si mara ya kwanza. Hakufoka. Alisema pia kwamba kwa usukani huna mwenzako pale kwake, na hilo nimelirudia kwa mama yako mara mbili, na kwenye jumuiya nimelisema. Lakini gari limelala getini saa tatu nzima linakungoja wewe! Najua unakesha na simu. Mtu anayekesha na simu hawezi kuniambia hana nafasi.

Sasa anakupa safari ya Lubumbashi. Zaidi ya kilomita 900 mpaka Tunduma tu, kisha Zambia yote, kisha Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Huko hakuna baba wala mama wa kukugongea mlango, na utingo atafuata utakavyofanya wewe. Kwa hiyo nauliza tena: saa ngapi?

Kuna jambo sikuwahi kukusimulia. Miaka ile mama yako alipokuwa anaongoza sala ya jioni peke yake, unajua mimi nilikuwa wapi saa hizo. Usilolijua ni jinsi nilivyotoka. Katekista alinikuta njiani, wala hakunihubiria. Aliniuliza kengele ya saa kumi na mbili jioni ikilia huwa nafanya nini. Nikamwambia huwa naisikia. Akasema, "Basi kuanzia leo ikilia, simama, popote ulipo. Sali Malaika wa Bwana, kisha uendelee na shughuli zako." Hakuniambia niache pombe ya mbege. Siku ya kwanza kengele ililia kata iko mkononi. Nikaiweka chini, nikasimama. Wenzangu walicheka sana. Salamu Maria tatu na maneno yake hazifiki hata dakika tatu, lakini ukishasimama saa hiyo na jua linazama, unaiona njia ya nyumbani. Siku nyingine nilikaa tena, nikanywa. Siku nyingine sikukaa. Baada ya Kwaresima mbili nikawa naondoka kabla kengele haijalia, ili inikute nyumbani.

Sikuwa nimejaa hamu ya sala, mwanangu. Miguu ndiyo iliyozoea kutii kwanza, moyo ukafuata nyuma pole pole. Ndiyo maana hiyo "nafasi" yako inanitisha. Mimi niliingoja miaka mingi na haikuja. Baba wa Taifa alikuwa na nchi nzima mabegani na bado alikwenda misa kila siku. Wewe una semi moja.

Usiahidi makubwa. Ukiamka, kabla mkono haujagusa simu, fanya ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria tatu, umtolee Mungu siku yako. Kabla ya simu, nasema tena. Atakayeweza kuiacha simu dakika tano asubuhi ataweza kuizima saa nne usiku, na atafika getini saa mbili. Saa sita mchana, ukiwa umesimama, Malaika wa Bwana. Jioni fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, hilo moja tu, gari likiwa limeegeshwa. Sitaki kusikia unapapasa shanga huku umeshika usukani.

Na kabla ya kulala, jiulize yale tuliyokuwa tunajiuliza hapa nyumbani. Leo nimemdanganya nani? Nimemtukana utingo? Mafuta ya tajiri yamebaki kama alivyoyaweka? Nasikia huko njiani kuna watu wanasubiri na madumu yao usiku. Ukijua kwamba usiku utajibu swali hilo mbele ya Mungu, utapita mbele ya madumu hayo bila kupunguza mwendo. Ukishindwa, sema nimeshindwa, tubu, lala. Kesho yake anza tena saa ileile. Mimi nimeanza tena mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wewe mwenyewe uliniambia kuhusu Kitonga, kwamba gia ndogo huwekwa juu, kabla ya mteremko, kwa sababu ukishaanza kushuka na tani zile breki zikapata moto, umechelewa. Nilikusikiliza siku ile nikajivunia. Sala ya asubuhi naiona hivyo hivyo.

Zipo siku utasali na usisikie chochote. Padre alitueleza kwenye mafungo kwamba Mtakatifu Teresa wa Avila aliandika mwenyewe jinsi alivyokuwa, kwa miaka, akingoja tu saa ya sala iishe. Yeye! Lakini hakuondoka. Basi nawe ukichoka, kaa hapohapo mpaka zimalizike zile kumi.

Wanasema foleni ya mpakani inaweza kukushika siku kadhaa mpaka usahau leo ni siku gani. Matendo ya rozari yatakukumbusha: Jumatatu ya furaha, Jumanne uchungu, Jumatano utukufu, Alhamisi yale ya mwanga aliyotuongezea Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, Ijumaa uchungu tena, Jumamosi furaha, Jumapili utukufu. Wanaokaa kwenye foleni bila kazi ndio wanaoharibikiwa. Unanielewa ninachosema, wewe ni mtu mzima sasa.

Labda ile fimbo niliyokuwa nashika mkipiga magoti ndiyo iliyokufanya uione sala kama adhabu. Nasema labda. Mdogo wako sijamshikia fimbo, naye anasali bila kuambiwa.

Huyo mdogo wako anadaiwa mchango wa mtihani, ukipata posho ya njiani usiitume yote, tuma nusu. Kahawa imechanua vizuri baada ya mvua ya wiki iliyopita. Ng'ombe amezaa ndama jike, mama yako amekataa asiuzwe. Goti lake bado linamsumbua, sasa anasali ameketi kwenye kigoda na hapendi tumwone. Yale mabati uliyotuma yametosha jikoni na banda la mbuzi, wala hayavuji hata tone.

Dada yako amebeba pia kifuko cha kitambaa. Ndani mna rozari ya mama yako, ileile. Kaitoa mwenyewe, mimi sikumwomba. Iweke mfuko wa shati, na ile ya kwenye kioo mpe utingo wako, umfundishe.

Ukifika Tunduma piga simu. Piga saa mbili usiku, tukiwa kwenye rozari, usiogope kutukatiza. Tutaiweka simu mezani na tendo la tatu utaongoza wewe.

Baba yako