Barua ya wazi kwa Meneja wa Umeme wa wilaya yetu

Mheshimiwa Meneja,

Salaam. Natumaini u mzima, na kiyoyozi cha ofisini kwako pia.

Jana saa mbili usiku transfoma ya mtaa wetu imelipuka tena. Leo asubuhi nimemwaga samaki wa friza nzima, vibua na changu, mtaji wa mkopo wa kikoba, na marejesho ni Jumamosi. Friza ya kwanza iliungua kompresa mwezi uliopita, baada ya umeme mdogo ambao hata feni ilizunguka kwa kujikongoja. Mjukuu wangu kajaa vipele vya joto, halali, na mimi silali. Ujumbe wako wa kuomba radhi kwa usumbufu nimeupata. Radhi zako, Mheshimiwa, hazijawahi kukatika.

Bwawa la Nyerere tulilishangilia, megawati 2,115. Mwaka 2024 tukasikia hadi mitambo mingine ya maji imezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Umezidi! Sasa huo uliozidi unaishia njia gani?

Mimi si injinia, lakini naona tatizo liko pale pale kwenye nguzo. Transfoma ile ilifungwa huku kukiwa na mashamba ya mihogo. Leo ni maghorofa ya kupangisha, kila chumba na kiyoyozi chake, na mafundi wa kuchomelea juu yake. Ikifika magharibi watu wanarudi makwao: feni, friji, pasi, vyote kwa mpigo. Tena joto letu la Dar halishuki hata usiku, kwa hiyo transfoma yenyewe haipati kupoa. Hayo yote yanajulikana. Kaskazi haiji kwa kuvizia, inakuja kila mwaka.

Mwaka jana vijana wako walikuja wakapima, wakaahidi transfoma ya pili "kabla ya msimu wa joto". Labda walimaanisha msimu wa nchi nyingine.

Ikibidi kukata, toeni ratiba, na muifuate, tuwahi kununua barafu. Wenye viwanda muwaombe wapunguze mashine saa za jioni. Au basi, hayo yote nayaacha, ratiba na viwanda. Ramadhani inakaribia, na saa ya futari ndiyo saa hiyo hiyo tunayozimikiwa. Naomba transfoma ya pili. Ile mliyoiahidi, Mheshimiwa, siombi mpya.

Ni mimi,
Mama muuza samaki, mteja wako wa luku, Dar es Salaam