Kwa nini tumeziweka chini mashine za petroli za kupulizia majani

Wateja wetu wa Mbweni na Kiembe Samaki, hapa Unguja, wanauliza mbona siku hizi mashine yetu ya kupulizia majani haivutwi kamba wala hainuki. Tumehamia za betri. Na wewe mwenye ya petroli, tunakuomba uiweke chini.

Kilichotuamua ni fulana. Kijana wetu alimaliza ua wenye mikungu miwili, ile miti ya majani mapana yanayoanguka mekundu, akarudi dukani kubadilisha nguo. Mgongoni fulana ina doa la oili ukubwa wa sahani, na kichwa kinamuuma. Tukamuuliza kama huwa hivyo kila siku. Akasema ndiyo, alidhani ni jua.

Si jua. Injini nyingi za mashine hizi hazina pahala pake pa oili. Unachanganya mwenyewe, mara nyingi mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, na vyote vinaingia silinda pamoja. Mafuta mapya yanapoingia ndipo moshi wa mwanzo unapotoka, basi sehemu ya petroli hutoka mbichi, haijaungua. Ndiyo harufu ile, na wa kwanza kuivuta ni aliyeibeba injini mgongoni. Huko California, Marekani, mamlaka ya hewa imekadiria kuwa mashine moja kubwa ya petroli kwa saa 1 inatoa gesi zinazoleta ukungu mchafu wa hewa sawa na Toyota Camry ya 2016 iliyokwenda kama kilomita 1,770. Sisi kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hatufiki hata 120.

Kelele nayo. Mji Mkongwe nyumba za mawe zimekabiliana. Washa injini uani, mtaa mzima unaisikia, mgonjwa, mtoto aliyelala, watoto walioko chuo cha Kurani. Ya betri nayo inavuma, hatukudanganyi, lakini ni mvumo wa upepo, na ukiachia kitufe inanyamaza. Adhana ikianza tunaachia.

Gharama iko kwenye kununua, hasa betri. Baada ya hapo ni nafuu: betri yetu ni ya volti 56, ampea-saa 5, na uniti moja ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, inaijaza kama mara tatu. Ukikandamiza mpaka mwisho inadumu dakika 20 na kitu, lakini majani makavu hayahitaji nguvu hiyo. Kwa nusu yake yanaondoka. Ua wa kawaida, betri mbili zinatosha. Hoteli yenye bustani kubwa ijipange kwa nne.

Umeme ukikatika je? Swali la haki. Waliokuwepo hawajasahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ndiyo maana tunasema mbili: moja kazini, moja imeshajaa. Zisikae juani, wala barazani zikapigwa na chumvi ya bahari.

Kama ua wako ni mchanga mtupu, usinunue mashine yoyote. Itakurushia mchanga kwenye madirisha ya jirani. Fagio la chelewa linatosha, na ukija dukani tutakwambia hivyo hivyo. Wenye saruji, vigae au nyasi, tuiteni: tunakuja na mashine iliyochajiwa, unaijaribu mwenyewe kwenye majani yako nusu saa, bila malipo.