Mama Furaha, hayo madaftari yasichomwe

Exeter, Uingereza, Jumapili usiku

Mama Furaha dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Watoto wanasoma, baba yao mgongo bado unamsumbua ila kazini anakwenda. Naomba radhi kwa kimya changu cha tangu Pasaka, zamu za usiku zimeninyang'anya hata muda wa kusuka nywele. Salamu za Mama Upendo nimezipata, na ile habari ya Katekista imenifurahisha sana, mwambie nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Ya shamba la bondeni tutaongea siku nyingine. Leo nina moja tu.

Ujumbe wako wa Alhamisi uliuandika kama jambo dogo, kwamba kamati inasafisha stoo ya sakristia kabla ya ukarabati, na yale madaftari ya zamani yaliyoliwa na mchwa yatachomwa na takataka nyingine. Mama Furaha, usikubali. Nalitanguliza neno hilo ili hata ukiitwa na kazi kabla hujamaliza barua, uwe umelipata.

Jumamosi ya juzi yule bibi ninayemhudumia aliomba nimsindikize kwao, kaskazini mwa huu mkoa wa Devon, akaone makaburi ya wazazi wake. Kijiji kinaitwa Morebath. Unapita kamji kadogo, Bampton, kisha unapanda vilima kuelekea nyika za juu za Exmoor. Nyumba chache, malisho, kondoo, upepo unaopenya koti mpaka mfupani. Kanisa lao ni la Mtakatifu George, la mawe, na mnara wake una paa la mgongo kama la nyumba ya kawaida, lililowekwa karne ya 19 walipolikarabati. Leo ni la Waanglikana. Nikaingia, nikatazama huku na huku, nikaona ni kanisa kama mengine ya huku. Bibi akaniambia, hapa usitafute ukutani, utajiri wa kanisa hili ulikuwa kwenye daftari.

Daftari lenyewe limehifadhiwa hapahapa Exeter, kwenye nyumba ya kumbukumbu za mkoa, na mwaka 1904 lilipigwa chapa. Wiki nzima baada ya zamu nimekuwa nikisoma habari zake badala ya kulala.

Mwaka 1520 alifika Morebath padri mmoja, Christopher Trychay, wao hutamka Triki. Kijiji kilikuwa na nyumba 33 hivi. Akakaa hapo mpaka alipofariki mwaka 1574. Miaka 54, parokia moja! Na muda wote huo aliandika kwa mkono wake mapato na matumizi ya kanisa, kisha akawasomea watu wote, maana wengi hawakujua kusoma.

Ungeyaona hayo mahesabu ungedhani ni ya jumuiya yetu. Kanisa lilikuwa na kondoo wake. Kondoo wa Bikira Maria, kondoo wa Mtakatifu George, kila mfuko na wake, nao hawakukaa zizi moja. Waligawiwa kwenye nyumba za waumini, huyu anamtunza mmoja, yule mwingine, na sufu ikinyolewa hela inaingia mfukoni mwa mtakatifu. Hata nyuki wa kanisa walikuwepo. Vijana walikuwa na mfuko wao, wasichana wao, na wasimamizi wa mali ya kanisa walikuwa wakipokezana kwa zamu, wajane nao wakishika zamu. Wakipika pombe ya kanisa, wanauza, faida inaingia daftarini. Kondoo akifa, anaandikwa amekufa. Na walikuwa wakihesabu kwa shilingi, dada yangu, shilingi 20 ndiyo pauni.

Padri alikuwa na mtakatifu wake mpenzi, Sidwell wa Exeter, binti ambaye masimulizi yanasema wavunaji walimkata kichwa kwa fyekeo kwa hila ya mama wa kambo aliyetamani mashamba yake. Sanamu yake aliileta padri mwenyewe. Watu nao wakampenda, wakamtengenezea kiatu cha fedha, na mwanamke mmoja akatoa pete yake ya ndoa iyeyushwe humo. Pete ya ndoa! Mwaka 1534 mwizi alipanda kwa ngazi, akaingilia dirisha la mnara, akaondoka na kiatu hicho na kalisi, kikombe cha misa. Vijana na wasichana wa kijiji wakachangishana wenyewe, wakanunua kalisi nyingine, parokia haikutoa hata senti. Hilo nalo limo daftarini.

Wasidhani huko kwenu kwamba walikuwa malaika. Kwa miaka kadhaa walivutana kuhusu ujira wa karani wa kanisa, nani atoe nafaka kiasi gani, mpaka wapatanishwe. Nilipofika hapo nilikumbuka mgogoro wa mlinzi wetu na yale magunia. Unaukumbuka?

Sasa sikia hili la kasula nyeusi, vazi la juu la padri wakati wa misa. Padri Christopher alitaka parokia yake iwe na mavazi meusi mazuri ya misa ya wafu, ili hata maskini asiye na kitu azikwe kwa heshima. Hela hakuna. Basi zaka yake ya sufu ya kondoo wa kanisa, ambayo ilikuwa haki yake, akaanza kuiacha kwenye mfuko mwaka hadi mwaka. Karibu miaka 20. Mwaka 1547 mavazi yakapatikana, yakagharimu pauni 6 na shilingi 5, yaani shilingi 125. Na mwaka huohuo mfalme Henry VIII akafa, akaingia mwanawe Edward VI, mtoto wa miaka tisa, na waliomzunguka wakaanza kufuta mambo ya zamani ya Kikatoliki. Sanamu zitolewe. Mishumaa ya watakatifu izimwe. Misa za kuwaombea marehemu zikapigwa marufuku. Miaka 20 ya sufu, halafu hivyo.

Nililia. Nakwambia kweli, nilikaa kitandani na sare yangu ya kazi nikalia.

Kondoo wa kanisa wakauzwa. Mwaka 1549, sikukuu ya Pentekoste, ikaamriwa ibada zote zisomwe kutoka kitabu kipya cha Kiingereza. Kijiji kingine cha mkoa huu, Sampford Courtenay, wakamlazimisha padri wao avae mavazi ya zamani awasomee misa ya Kilatini, na moto ukawaka Devon na Cornwall yote. Waasi wakauzingira mji huu wa Exeter wiki tano, kuanzia Julai 2 mpaka Agosti 6. Na kale kakijiji ka nyumba 33 kakatoa vijana watano kwenda kambi ya waasi nje ya mji, wakapewa hela ya njiani kutoka mfuko wa kanisa. Nani aliandika? Padri Christopher, kwa mkono wake, kwenye daftari lilelile la kondoo. Angeshikwa nalo lingemnyonga. Padri wa St Thomas, ng'ambo ya mto hapa, ninapopita kila siku kwenda kazini, alinyongwa juu ya mnara wa kanisa lake akiwa amevaa mavazi ya misa. Jengo la sasa si lile, lakini siku hizi nikipita hapo najikuta nafanya ishara ya msalaba.

Watu walikufa kwa maelfu. Padri Christopher akabaki. Mwaka 1553 Malkia Mary akarudisha misa, na wanakijiji wakaanza kutoa walivyokuwa wamevificha majumbani, vazi hili, kipande kile cha sanamu. Akawaandika, akawasifu. Kisha mwaka 1558 akaja Malkia Elizabeth, mambo yakageuka tena, na mzee akafuata kitabu kipya mpaka kifo. Wapo watakaomwita mwoga. Mimi namwona mtu aliyekataa kuwaacha watu wake, na katika hilo sitabadili mawazo hata Baba Paroko akinipinga.

Mama Furaha, rudi kwenye stoo. Unalikumbuka lile daftari la jalada la kijani, lililoshonwa kwa uzi wa gunia? Nilipokuwa darasa la tano marehemu mama alinituma sakristia kupeleka mchango wa bati, na mzee mhazini akaandika mbele ya macho yangu, polepole, anailowesha kalamu ya risasi ulimini: jina la mama, mahindi debe moja, kuku jike mmoja mweusi. Mama hakujua kusoma. Aliniuliza jioni, ameniandika? Nikasema amekuandika. Picha ya mama sina hata moja, wewe unajua zilivyoungua. Jina lake liko mle.

Na si la mama peke yake. Waliobeba mawe ya msingi kutoka mtoni wamo, waliotoa siku za kazi kwa kuwa hawakuwa na kuku wamo. Ya Morebath hata wasomi wakubwa leo wanayasoma kujua wanakijiji wa kawaida walivyoishi mageuzi yale, kwa sababu mtu mmoja aliandika kondoo na mwingine hakulitupa.

Sasa nijibu upesi. Ufunguo wa stoo uko kwa nani, kwako au kwa yule mwenyekiti mpya? Siku ya usafi imepangwa lini? Madaftari yako mangapi, na mchwa wamefika wapi, wamekula pembeni tu au mpaka kwenye maandishi? Lile la kijani umeliona kwa macho yako? Baba Paroko anajua, au kamati imeamua yenyewe? Katekista hawezi kuyahifadhi kwake hata mwezi mmoja? Na Furaha ana simu nzuri, anaweza kupiga picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, nje kwenye mwanga?

Kesho nakutumia hela kidogo. Nunua ndoo mbili za plastiki zile za mifuniko ya kubana, kausha madaftari kivulini, yasikae juani, uyapange humo, uyaweke juu ya meza na si sakafuni. Ukimaliza nipigie, hata kama huku ni saa nane usiku.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Neema